Re: Mtoto kapasuliwa ngiri, halii, lakini naona anaumwa

Habari dada, pole na kuuguza. Kama nimekuelewa, mwanao wa miaka miwili kapasuliwa ngiri jana hapo Moshi, kalala kimya, na nesi wa zamu kaandika kwenye faili hana maumivu. Wewe moyo unakataa.

Usipime maumivu kwa kilio. Mimi niko wodi ya watoto huku Arusha, na anayenitia wasiwasi ni huyo aliyenyamaza: macho makavu yanakufuata, miguu kaikunja, ukigusa shuka tu anakakamaa. Aliyelala usingizi wa kweli vidole hulegea.

Hakikisha kwanza hana njaa wala hajaloa. Kisha omba apimwe kwa FLACC, kipimo cha maumivu kwa mtoto asiyeweza kujieleza: uso, miguu, mwili unavyotulia, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja 0 hadi 2, jumla 10. Akifika 4 apewe dawa, asisubirishwe. Zile picha za nyuso ambazo mtoto huonyesha anavyoumwa ni za kuanzia miaka 3 hivi, achana nazo. Na apimwe tena wakati anageuzwa, maana akilala tuli alama hudanganya.

Halafu uliza parasetamo ya mwisho kapewa saa ngapi. Mara nyingi tatizo liko hapo (na linaniudhi): imeandikwa "akiumwa", basi asiyelia hapewi. Omba iandikwe kwa saa. Dozi inakwenda na kilo zake, hiyo waachie wao.

Akitapika, tumbo likivimba au homa ikipanda, acha habari za alama, daktari aitwe hapo hapo.