Jibu: Mita ya kisima inayomaliza betri ya sola

Ndugu, unauliza kwa nini mita yako ya sumaku-umeme, ile inayopima maji yanayopita kwenye bomba la kisima, inakausha betri ya sola usiku. Haijaharibika. Soma kibandiko chake: kikisema wati 10, basi kwa saa 24 inakula wati-saa 240, pampu iwake isiwake, kwa sababu koili zake (nyaya zilizozungushwa zinazotengeneza sumaku) zinalishwa umeme muda wote. Mita ya waya mbili, ile inayopata umeme na kutuma kipimo kwa waya hizo hizo (miliampia 4 hadi 20 kwenye volti 24), hula kama nusu wati tu.

Ukitaka jumla ya lita pekee, ipo ya betri inayopima kila baada ya sekunde kadhaa. Ya feni inayozungushwa na maji haihitaji umeme kabisa, ila kisima chenye mchanga kitaisaga (wauzaji hawakuambii hilo).