Muulize Fundi: Roboti yetu inasukuma mpira, haipigi shuti

SWALI: Shikamoo fundi. Sisi ni wanafunzi wa sekondari huku Ujiji, tunaunda roboti ya kupiga penati kwenye mashindano ya shule, mpira ni namba 5 wa kawaida. Mota ya wipa tumeipata gereji pale Mwanga tukaifunga moja kwa moja kwenye mguu, betri ni ya pikipiki volti 12, sasa mpira unasogea tu taratibu hata kipa akilala anaudaka. Tumeambiwa tutafute mota ya stata, ni kweli?

JIBU: Marahaba wanangu. Stata achaneni nayo, nzito, na ikiwa ya gari itailaza hiyo betri mapema sana. Mota yenu haina ubaya, ubaya ni kwamba mnaidai kazi yote kwa mpigo. Mpira namba 5 una gramu 410 hadi 450, mkitaka utoke na spidi ya mita 10 kwa sekunde unataka jouli (kipimo cha nishati) kama 21 tu, ila mkizidai ndani ya sehemu ya 50 ya sekunde hapo ni wati elfu moja na ushee na wipa inatoa wati makumi machache, itazitoa wapi? Lakini ipe hiyo hiyo wipa sekunde moja au mbili, jouli 21 inazitoa vizuri tu.

Kwa hiyo mota ivute taratibu, raba ya tyubu itunze nguvu, halafu mguu uachiwe ghafla, manati hiyo mnaijua toka utotoni. Nendeni kwa fundi baiskeli mkaombe tyubu za zamani, kateni vipande virefu, mfunge mguuni afu mvute sentimita 20 kwa mizani ya kuning'iniza ya wauza dagaa. Ikisoma kilo 30 mwisho wa kuvuta mna kama jouli 30, na lazima zizidi 21 maana mguu wenyewe nao unakula nguvu. Ndo maana sipendi mguu wa nondo! Ncha iwe na uzito unaokaribiana na wa mpira, alumini au mbao inatosha.

Sasa kuachia, hapa ndo wengi wanahangaika na kulabu na kamba mpaka usiku. Kata kamu, yaani gurudumu lisilo duara kamili, ya umbo la konokono, radius inapanda taratibu mzunguko mzima halafu inakatika ghafla, ifunge kwenye shafti ya wipa, mguu ukifika kwenye huo mkato unaponyoka wenyewe. Na wipa ina zawadi mbili humo ndani, moja ni gia ya minyoo (shafti yenye uzi kama skrubu inayozungusha gia), ukikata umeme tyubu haiwezi kuirudisha nyuma kirahisi, ya pili ni ile swichi inayofanya wipa za gari zilale palepale kila ukizima. Pangeni kamu ili mahali pa kulala pawe digrii chache kabla ya mkato, basi roboti itasubiri ikiwa imeshavutwa, mkibonyeza inapiga hapohapo na kujivuta tena yenyewe. Kichwa cha mtu kisikae mbele ya mguu uliovutwa hata kama betri imetolewa, wekeni pini ya kuuzuia.

SWALI: Mimi niko Isevya, Tabora. Roboti ndogo za RoboCup, yale mashindano ya kimataifa ya soka la roboti, naona zinapiga bila mguu wala tyubu, nikitaka kuiga?

JIBU: Zile za ligi ya Small Size zinatumia solenoidi, koili inavuta chuma kwa umeme uliotunzwa kwenye kapasita za volti 200 hivi na wengine zaidi. Mpira wao ni wa gofu, gramu 46, na sheria inazuia shuti kuzidi mita 6.5 kwa sekunde, yaani jouli moja tu hivi, ndo maana kifaa kidogo kinatosha. Ila kaka, hizo kapasita zinaua hata swichi ikiwa imezimwa. Anza na solenoidi ya volti 12 na mpira wa tenisi ya mezani, hizo za volti 200 usiguse bila fundi umeme anayezijua kusimama pembeni yako.