Umeme wa Magari: Besi Ikidunda, Taa Zinafifia

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Noah ninayoikodisha kwa harusi na matangazo hapa Mikindani na vijiji vya jirani. Nimefunga amplifaya iliyoandikwa wati 2000 na sabufa mbili za inchi 12. Usiku, kila besi ikidunda taa kubwa zinafifia, hasa gari likiwa limesimama. Dukani wameniambia ninunue kapasita ya faradi 1, jirani yangu anasema nifunge betri ya pili. Nichukue ipi?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usinunue chochote kwanza. Azima mita ya kupimia volti.

Na usilichukulie jambo hili kama la urembo. Taa za halojeni zikishuka kutoka volti 13.5 hadi 12.5, mwanga unapungua karibu robo. Ukitoka harusini usiku kuelekea Mnazi Mmoja, mbele yako kuna watu na baiskeli zenye magunia, nyingi hazina taa. Robo hiyo ya mwanga unaihitaji.

Washa injini, muziki ukiwa umezimwa, pima kwenye betri yenyewe. Usome kati ya volti 13.8 na 14.4. Sasa washa taa, fungulia muziki kwa sauti ile ya harusini. Mita ikishuka chini ya 12.6, altaneta, yaani mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme, imeelemewa na betri ndiyo inayolisha muziki. Piga resi kidogo. Volti zikipanda, altaneta ni nzima, ila injini ikienda taratibu haizunguki vya kutosha.

Tupige hesabu. Zile wati 2000 za kwenye boksi usiziamini. Tuseme amplifaya yako inatoa wati 800 za kweli. Juu ya hizo, nyingine hupotea kama joto, kwa hiyo inadai kama wati 1000, yaani ampea 74 kwa volti 13.5. Taa kubwa mbili zinadai 8 hivi, bado feni na injini yenyewe. Altaneta ya ampea 80 haiwezi kubeba yote hayo, sembuse gari likiwa limesimama.

Lakini kabla ya kuilaumu altaneta, kagua nyaya. Wengi hubadilisha waya wa amplifaya wakitegemea taa zipone. Waya ule ukiwa mwembamba unaiumiza amplifaya: mita tano za shaba ya milimita za mraba 8 hupoteza karibu volti 0.8 kwenye ampea 74, wakati ya 25 hupoteza robo volti tu. Taa zenyewe zinategemea nyaya tatu nyingine: altaneta kwenda betri, betri hasi kwenda bodi, na injini kwenda bodi. Hizo tatu ziongezee waya wa milimita za mraba 25.

Kwa sisi wa pwani, waya wa ethi, yaani ule unaofungwa kwenye bodi, ndio unaotutesa zaidi. Upepo wa bahari unaacha chumvi, chumvi inakula kiungo, na kwa macho boliti inaonekana imekaza vizuri. Fungua, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza, halafu paka grisi juu. Nyaya za dukani nazo zikwangue kwa kisu: ndani zikiwa nyeupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Rudisha.

Kapasita hutunza umeme kidogo na kuutoa haraka, haizalishi umeme. Ya faradi 1 inasaidia kwa kipande kidogo sana cha sekunde, besi ndefu inaimaliza. Betri ya pili inafaa ukipiga muziki injini imezimwa, ila nayo itadai kuchajiwa na altaneta ileile. Ukishasafisha ethi na kuongeza nyaya, kama mita bado inashuka, weka pesa yako kwenye altaneta kubwa zaidi.

SWALI: Fyuzi ya amplifaya nimeiweka nyuma, karibu na amplifaya yenyewe. Ni sawa?
Msomaji, Nachingwea

JIBU: Si sawa, kaka, na ni hatari. Fyuzi hiyo inalinda waya, na waya unaanzia kwenye betri. Ukichubuka chini ya kapeti ukagusa bodi, fyuzi ya nyuma haitakatika, waya utawaka moto. Iweke kwenye waya chanya, isizidi sentimita 45 kutoka betri. Ihamishe leo, na kabla ya kugusa chochote vua terminali hasi.