Wadogo zangu mnaoanza plazma, someni hapa kwanza

Msimu wa mapendekezo ya utafiti umefika tena hapa Dar, na karibu kila pendekezo la mwanafunzi mpya linafunguka vilevile: "Tutatumia MHD." Yaani plazma, ile gesi ya ayoni na elektroni huru, ichukuliwe kama giligili moja inayopitisha umeme ndani ya uga sumaku. Kwa nini MHD? Kimya. Nawapenda, lakini kwa hili mnanichosha.

1. Anza na namba, milinganyo baadaye. Kokotoa urefu wa Debye (umbali ambao chaji moja inahisiwa kabla ya kufunikwa na nyingine), nusukipenyo cha mzunguko wa ayoni kwenye uga sumaku, na umbali ambao chembe husafiri kabla ya kugongana na nyingine. Kwenye upepo wa jua jirani na Dunia, umbali huo wa migongano unakaribia ule wa kutoka hapa hadi kwenye Jua, kama kilomita milioni 150. Nusukipenyo cha protoni ni kama kilomita 100. Migongano haipo, lakini uga sumaku unazishika chembe zisitawanyike kuukingama, ndiyo maana MHD bado inafaa kwa mambo makubwa. Ukishuka hadi hizo kilomita 100, iache.

2. Jua unachotupa. Mlinganyo wa Vlasov wa 1938 unakwambia chembe ngapi ziko wapi na zina kasi gani. Ukichukua momenti, yaani wastani wa chembe zote juu ya kasi zao, unabaki na densiti, kasi ya wastani na kanieneo, na kila momenti inadai iliyo juu yake. Lazima ukate mahali, na hapo ulipokata ndipo mtahini atakapokuuliza. Itazame Barabara ya Morogoro jioni: mabasi ya mwendokasi yanapita kwenye njia yao, magari mengine yamesimama. Wastani wa kasi utaupata, ila hakuna gari hata moja linalokwenda kwa kasi hiyo. Ndivyo ilivyo miali miwili ya elektroni inayopishana. Ukiifanya giligili moja, unaona joto kubwa na utulivu. Ukiifanya giligili mbili, unaona mawimbi yanayokua.

3. Usiamini kinachopendeza. Mdogo wetu mmoja alitengeneza simulesheni ya Vlasov kupima ufifiaji wa Landau, yaani wimbi kufifia bila migongano, namba ya wimbi mara urefu wa Debye ikiwa 0.5. Uga umeme ulififia kwa 0.153 ya frikwensi ya plazma, kama nadharia inavyotaka. Kwenye grafu ya logi vilele vilishuka kama vimepigiwa rula. Kisha, muda ulipofika kama 126 (kipimo ni 1 gawa kwa frikwensi ya plazma), uga ukapanda tena karibu na pale ulipoanzia. Kijana akafurahi mno. Akaita mwangwi wa plazma, akauandikia sura nzima, akapanda nao kwenye semina. Mwalimu mmoja akamuuliza swali moja tu: ukiigawa nusu hatua ya gridi ya kasi, inakuwaje? Hakuwa amejaribu. Usiku ule akajaribu, na mwangwi wake ukahamia 251.

Sura yote ikaondoka. Niliumia, maana kazi nyingine yote ilikuwa safi. Tatizo ni kwamba Landau, kwa hesabu yake ya 1946, hasemi taarifa inapotea. Uga unafifia, lakini mikunjo kwenye nafasi ya kasi inazidi kuwa myembamba hadi inapita katikati ya vitundu vya gridi, na gridi inaisoma kana kwamba mambo yamerudi mwanzo. Muda wake ni pai mbili gawa kwa namba ya wimbi mara hatua ya kasi. Kwa hatua yake ya 0.1 ya kasi ya joto ni 125.7. Mwangwi halisi upo, ila unahitaji misukumo miwili, na yeye alisukuma mara moja. Kitu kinachohama ukibadilisha gridi ni cha gridi.

4. Kwenye PIC, simulesheni inayofuata chembe moja moja juu ya gridi ya seli, seli ikizidi sana urefu wa Debye plazma itajipasha joto yenyewe.

5. Kwa wimbi la Langmuir, lile la elektroni za plazma zinazotikisika, weka gama (namba inayounganisha kanieneo na densiti) 3, siyo 5/3. Elektroni zinabanwa upande mmoja tu, na wimbi linapita kabla migongano haijagawa joto pande nyingine. Ukiweka 5/3 hutaifikia fomula ya frikwensi ya wimbi hilo ya Bohm na Gross ya 1949, utakesha ukitafuta kosa kwenye kodi ya programu ambayo haina kosa.

Mwenye grafu iliyomgomea aje nayo, mlango uko wazi. Ila aje na gridi mbili.