Jibu: Ripoti ya mama imeandikwa "hatua ya 3", ana nafasi gani?

Pole ndugu wa Masasi. Kwa saratani ya mji wa mimba, hatua ya 3 ni kwamba imetoka nje ya mji huo, ila haijafika mapafu wala ini. Kwa takwimu za Marekani, ikiwa bado ndani, wagonjwa kama 95 kati ya 100 huwa hai miaka 5 baadaye. Ikigusa viungo vya jirani au tezi za limfu, kama 70. Ikifika mbali, 20 hivi.

Namba peke yake haitoshi. 3A (imefika ovari) na 3C (imefika tezi za limfu) hazilingani, na aina ya seli hubadilisha mengi. Altrasaundi hukosa tezi ndogo, kwa hiyo ulizia CT (skani ya mwili). Mkipewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, bebeni ripoti nzima ya patholojia pamoja na vipande vya nta vyenye sampuli ya uvimbe.