Kwa nini Ishii hakupandishwa kizimbani

Mwanangu,

Hatujambo. Baba yako anakusalimu, na goti lake limeanza kupata nafuu. Swali lako nimelisoma: iweje madaktari wa Hitler wafikishwe mahakamani Nuremberg na washitakiwa saba wanyongwe, halafu Jenerali Shiro Ishii wa Japani afe kwa saratani ya koo mwaka 1959 bila hata kupandishwa kizimbani? Na je, yale aliyoyapata katika utafiti wake yalikuwa na faida yoyote?

Naanza na hilo la pili, maana ndilo lililozaa la kwanza.

Ishii alikuwa daktari msomi wa Chuo Kikuu cha Kyoto, na jeshini alijijengea jina kwa chujio la maji. Kikosi chake, Kikosi 731, kwenye makaratasi kilikuwa idara ya kuzuia magonjwa ya mlipuko na kusafisha maji. Wenyeji wa Pingfang, karibu na Harbin kule Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, waliambiwa ni kiwanda cha mbao. Ndani walifungiwa Wachina, Warusi, Wakorea na wengineo. Waliambukizwa tauni, kipindupindu na kimeta, na wengine wakapasuliwa wangali hai, bila nusukaputi, ili ionekane ugonjwa umefika wapi. Waliofia mle wanakadiriwa kufika 3,000 au zaidi.

Wakati wa baridi, na baridi ya kule si mchezo, mfungwa alitolewa nje mikono wazi, ikamwagiwa maji mpaka ikaganda. Walijua imeganda vya kutosha pale walipoigonga kwa kijiti ikalia kama ubao. Kisha wakajaribu namna za kuirudisha, wakaona kuiloweka kwenye maji yenye joto lililozidi kidogo la mwili kunashinda kuisugua. Kitabibu hilo ni sahihi mpaka leo. Kwa hiyo faida ilikuwepo, mwanangu. Usijifariji kwamba ilikuwa sayansi mbovu tu.

Shabaha yenyewe hasa ilikuwa silaha. Oktoba 1940 ndege ilipita juu ya mji wa Ningbo, ikamwaga ngano iliyochanganywa na viroboto wenye tauni. Walikufa watu zaidi ya 100.

Agosti 1945, Warusi walipoingia Manchuria, wafungwa waliobaki waliuawa, majengo yakalipuliwa, Ishii akarudi kwao. Hapo ndipo biashara ilipoanza. Wamarekani walipomhoji, alidai kinga ya kutoshitakiwa, tena kwa maandishi, ndipo atoe matokeo ya utafiti wake. Warusi nao walikuwa wanamtaka, na Washington haikupenda siri zile zimwagwe hadharani mahakamani. Desemba 1947 Edwin Hill, mwanasayansi wa Camp Detrick, kituo cha jeshi la Marekani cha utafiti wa silaha za vijidudu, aliripoti kwamba taarifa zote ziliwagharimu yeni 250,000, pesa kiduchu ukilinganisha na gharama halisi ya utafiti wenyewe, na kwamba zisingepatikana katika maabara zao kwa sababu dhamiri zingekataa. Akaongeza kuwa anatumaini waliozitoa kwa hiari yao hawataaibishwa. Kwa hiari yao!

Sasa shika hili. Kesi ya madaktari kule Nuremberg iliendeshwa na majaji wa Marekani, na hukumu ilitoka Agosti mwaka huohuo wa 1947. Humo ndimo ilimoandikwa kanuni ambayo sharti lake la kwanza ni ridhaa ya anayefanyiwa utafiti, ndiyo msingi wa fomu unayowasomea wagonjwa wako kabla ya kuwatoa damu. Nchi moja, mwaka mmoja. Asije mtu akakwambia kwamba hawakujua ubaya wa alichofanya Ishii. Walikuwa wametoka kuuandika. Walijua, wakapiga hesabu, wakaona anawafaa akiwa huru.

Warusi walifungua kesi yao kwenye mji wao wa Khabarovsk, Desemba 1949, wakawatia hatiani Wajapani 12. Nchi za Magharibi zikaiita propaganda, na kweli Moscow ilikuwa na mchezo wake, lakini mengi yaliyosemwa pale yalikuja kuthibitika. Mwaka 2002 mahakama ya Tokyo ilikubali kwamba Japani ilitumia silaha za vijidudu China. Wachina 180 waliokuwa wakidai fidia hawakupewa kitu.

Mama yako