Barua ya Nansio

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi na rafiki yangu wa Nansio, Ukerewe, tumechoka na meseji. Tunataka kuandikiana barua kama mama zetu, ila sina sanduku la posta. Nianzeje?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Omba kutumia S.L.P. ya kanisa, msikiti au ofisi ya mtu unayemwamini. Stempu bandika kona ya juu, kulia.

Barua ya marehemu dada yangu ya 1987 ninayo mpaka leo: karatasi ya daftari, doa la mafuta ya sangara pembeni, na “mengineyo tukionana”. Usiandike ripoti. Mwambie dagaa wameanikwa wapi, nani kanuniana na nani. Na usimpigie simu kuuliza kama imefika!